There Will Be Blood: Daniel Plainview alikuwa mbaya toka mwanzo au mafuta ndo yaliyomgeuza?

Mtoto_wa_Chachani

Asalaam alaykum jamani. Jana nimemaliza kuiangalia There Will Be Blood, ile ya 2007 ya dairekta Paul Thomas Anderson, staringi wake Daniel Day-Lewis. Siku nyingi nasikia watu wanaisifu nikawa naipisha tu kwa sababu ni ndefu, masaa mawili na nusu na kitu, na zile dakika kama 15 za mwanzo hakuna anaezungumza, mtu yuko peke yake ndani ya shimo anachimba. Kaka yangu alikaa kidogo akenda zake kulala. Mie nikabaki, na leo tangu asubuhi sifikirii kitu chengine. Ntataja mpaka mwisho wake kwa hiyo ambae hajaiona asiendelee kusoma.

Swali langu ni hili. Daniel Plainview tunamkuta 1898 huko New Mexico anachimba madini ya fedha, hana mtu hana kitu. 1902 anapata mafuta. 1911 keshakuwa na jina, anajiwa na kijana mmoja, Paul Sunday, anamwambia kwao Little Boston, California, mafuta yanatoka yenyewe juu ya ardhi, Daniel anamlipa dola 500 kwa habari ile na anakwenda, anajidai yeye na mwanawe wanawinda kware tu, na anataka kumnunulia mzee wa watu shamba lake kwa bei ya kware. Ikifika 1927 yuko ndani ya jumba peke yake, mlevi, mwanawe keshamfukuza, na anamuua mtu kwa mikono yake. Sasa yule wa 1927 alikuwamo ndani ya yule wa 1898 tokea mwanzo, au ni utajiri ndo uliomfanya?

Mana mie mwanzo nimemuonea huruma kabisa. Anaanguka shimoni anavunjika mguu, hakuna wa kumsaidia, anajiburura kwa mgongo juu ya mawe mpaka anafika kwa watu wa kumpimia ile fedha yake. Halafu yule mtoto, H.W., babake kafia kisimani, Daniel hakuwa na lazima ya kumchukua. Kuna pahala wako ndani ya treni, mtoto bado mchanga, anamshika masharubu, na yeye anavyomtazama pale hakuna mtu wa kumuonesha, hakuna biashara pale. Mtu mbaya anamtazama mtoto vile?

La pili, yule mhubiri kijana wa kule Little Boston, Eli, nduguye Paul, mnamuonaje? Ni mtu wa dini kweli?

BintShangani

Waalaykum salaam kaka. Nimeiona mara nyingi hii na kila mara narudi kwenye jibu lile lile, kwamba hakubadilika, kilichozidi ni uwezo wake wa kufanya anachotaka.

Tafuta ile sehemu ya usiku amekaa na Henry, yule mtu aliekuja akasema ni ndugu yake kwa baba. Wamekunywa, na Daniel anafunguka kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Anasema ana ushindani ndani ya nafsi yake, hataki mtu mwengine yeyote afanikiwe, watu wengi anawachukia, na anataka apate pesa za kumtosha ili aende mbali na watu wote. Basi. Sie tumezoea matajiri wa kwenye muvi wanataka majumba, wanawake, kusifiwa. Huyu hana mapenzi na mwanamke yeyote filamu nzima, hata jumba akilipata analala chini sakafuni. Pesa anazitaka ili asimuhitaji mtu. Na hiyo haikuanza na mafuta, iko pale shimoni 1898, mtu kavunjika mguu na bado cha kwanza anachokwenda kukifanya ni kupimisha fedha yake na kusaini karatasi ya mgodi, amelala chini mguu umefungwa.

Balaa lake ni kwamba biashara ya mafuta haiwezekani peke yako. Shimo la fedha unaweza kulichimba mwenyewe na sururu, lakini mafuta yanataka wenye mashamba wakuuzie, wafanyakazi, mnara, mbao, benki, bomba, mtu wa kununua. Kwa hiyo mtu asiyependa watu, maskini ya Mungu, inambidi akae nao mezani awachekee na awaambie mie ni mtu wa familia, hii ni biashara ya familia, huyu mwanangu na mshirika wangu H.W. Plainview. Na mtoto kasimama pale kavaa suti ndogo. Mtoto alikuwa akimsaidia kuuza.

Lakini kumpenda alimpenda, hilo nakubaliana na wewe moja kwa moja. Ndo maana filamu inauma. Angekuwa hampendi ingekuwa hadithi nyepesi. Angalia siku kisima kinaporipuka gesi, mtoto anarushwa, masikio yanakufa pale pale, Daniel anakimbia anambeba anakwenda nae mbio mpaka ndani, mtoto anamng'ang'ania anapiga kelele kwamba haisikii sauti yake mwenyewe, na baba anamwachia anarudi kwenye moto. Anasimama uso mweusi wa mafuta anamwambia msaidizi wake Fletcher mbona umenuna, kuna bahari ya mafuta chini ya miguu yetu na hakuna wa kuifikia ila mie. Fletcher anamuuliza H.W. mzima? Anajibu hapana, si mzima. Halafu anaendelea kuutazama moto. Anajua kuwa mwanawe hakusalimika, amelisema kwa kinywa chake, na hakunyanyua mguu. Mie pale huwa nasimamisha nakwenda jikoni kwanza.

Na bado wale watu wa kampuni kubwa ya mafuta, Standard Oil, wanapokuja kumpa dola milioni moja kwa mashamba yake, mmoja anamwambia tu kwa wema utapata wakati wa kumshughulikia mwanao, Daniel anataka kumkata koo. Kwa sababu kagusa pale pale panapomuuma.

Eli nawaachia wengine, mie sina subira nae.

wakili_mtarajiwa

Hapa bibie kazungumza vizuri lakini naomba niongeze kitu ambacho bila ya kukijua ile filamu nusu yake inapotea, nacho ni sheria ya ardhi ya kule. Nasoma sheria na kitu hichi tumekigusa darasani kidogo ndo nikarudi kuiangalia tena filamu kwa jicho jengine.

Marekani mwenye ardhi ndie mwenye kilichomo chini yake, mafuta pia. Ndo maana Daniel anakwenda nyumba kwa nyumba. Kila dili liko kwa mkulima mmoja mmoja, mtu na mkewe, na kila mmoja anaweza kudanganywa kivyake. Mkutano ule wa mwanzo mwanzo, kabla hajafika Little Boston, watu wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe ndani ya chumba na yeye anachukua kofia yake anatoka hata wakimbembeleza, kwa sababu anajua akiondoka hapa kuna wengine kule.

Lakini mafuta hayakai kama mnazi uliopandwa. Yamo ndani ya mawe na yana presha, ukitoboa pahala yanakimbilia pale penye tundu. Sasa mahakama za kule toka karne ya 19, zikianzia Pennsylvania, zikaweka msimamo kwamba alieyatoa juu kwenye ardhi yake ndie mwenyewe, hata kama yametiririka kutoka chini ya shamba la jirani. Jirani dawa yake ni na yeye achimbe kwake haraka. Ndo ukaona picha za zamani za pahala kama Signal Hill karibu na Long Beach, mafuta yalipatikana 1921, minara imesongamana mpaka hakuna pa kupita, kila mtu anavuta kabla mwenziwe hajavuta.

Ukishalijua hilo ndo unaifahamu ile sehemu ya mwisho watu wanayoifanyia mzaha mitandaoni, ya maziwa na mrija mrefu, Daniel anaposema mrija wake unafika mpaka kwenye maziwa ya mwenziwe na anayanywa. Eli anakuja 1927 na shida ya pesa anataka kumuuzia Daniel shamba la mzee Bandy, lile pekee ambalo Daniel hakulinunua. Daniel anamuachia azungumze, anamlazimisha kwanza apige kelele kwamba yeye ni mtume wa uongo, akishamaliza ndo anamwambia shamba lile halina kitu, visima vyangu vimelizunguka pande zote, nishayanywa yote. Hakuiba kisheria. Mzee Bandy alikaa juu ya ardhi yake akidhani anayo mali na mali ilishaondoka chini kwa chini miaka mingi nyuma.

Na bomba nalo. Bila ya bomba unasafirisha mafuta kwa treni, na nauli ya treni wakubwa ndo waliokuwa wakiichezea, Standard Oil ya Rockefeller ilijitajirisha hasa kwa njia hiyo ya kupata nauli nafuu kuliko wenziwe. Mwaka huo huo wa 1911 ambao Daniel anafika Little Boston ndo mahakama kuu ya Marekani iliivunja Standard Oil ikawa makampuni 34. Daniel anataka bomba lake mpaka baharini ili asipite mikononi mwao, anakwenda kufunga mkataba na kampuni nyengine, Union Oil, na bomba lazima lipite kwa Bandy. Bei ya Bandy haikuwa pesa, alimwambia uje kanisani kwetu ubatizwe utubie. Mtu alietaka asimuhitaji mtu yeyote akapigishwa magoti mbele ya Eli kwa ajili ya njia ya bomba.

Kwetu hapa ingekuwa hadithi nyengine kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya serikali, watu wakapewa eka tatu tatu walime, na mafuta ya chini hayana uhusiano na mwenye eka. Plainview akija Zanzibar haendi kwa mkulima wa Micheweni, anakwenda mjini ofisini. Mafuta na gesi viliingizwa kwenye mambo ya Muungano 1968, tukabishana miaka mingi, mpaka sheria ya petroli ya 2015 ya Jamhuri ya Muungano ikaipa Zanzibar nafasi ya kusimamia yake, tukatunga sheria yetu 2016, na 2018 ukasainiwa mkataba wa kugawana uzalishaji na RAK Gas, kampuni ya Ras al-Khaimah huko Emirati, kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mkataba wa aina ile kampuni inabeba gharama na hasara ya kutafuta, yakipatikana inajirejeshea gharama kwanza kutoka kwenye mafuta, yanayobaki ndo mnagawana. Kwa hiyo pa kumulika ni hapo kwenye gharama, nani anazihesabu, nani anazikagua. Mkulima wa Little Boston alitakiwa ajue thamani ya shamba lake. Sie tunatakiwa tujue kusoma hesabu za gharama.

AmiKonde

Wanangu nimefurahi kuona vijana mnazungumza hivi. Mimi ni mtu mzima, filamu hii kaniwekea mjukuu wangu kwenye laptopu yake na akanikalia kitako kunifasiria palipokuwa pagumu.

Nataka kuzungumzia ile hotuba. Daniel anafika Little Boston anawakusanya watu, pahala pakavu, hakuna nafaka, mkate kwao ni kitu cha tunu. Anawaambia atawaletea shule kwa watoto, barabara, visima vya maji, kilimo, mkate mpaka wachoke nao. Na anaizungumza kwa utulivu hasa, sauti nzito ya taratibu, hapandi juu hashuki. Mjukuu wangu akaniuliza babu mbona umenyamaza, nikamwambia hotuba hii naijua.

Kwetu Pemba habari ya mafuta si ya leo. Kule Tundaua mafuta yanajitokeza yenyewe, wazee wakijua zamani. BP na Shell walikuja wakatafuta, wakachimba Unguja katika miaka ya 1950 na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisima cha kwetu kinaitwa Pemba-5 kwenye makaratasi yao. Wakafunga wakaondoka. Sisi tulikuwa watoto na mazungumzo yalibaki barazani miaka na miaka, kila mtu na lake, huyu anasema yapo mengi wameyaficha, huyu anasema hayapo. Ninachokikumbuka mimi ni namna neno mafuta lilivyokuwa likiwatoa watu katika kazi zao. Mtu ana mikarafuu yake inataka kupaliliwa, yeye anazungumza mafuta. Vijana walikuwa wakihesabu watakavyogawana kitu ambacho hakuna aliekiona.

Sasa tazameni wale watu wa Little Boston. Filamu inatuonesha hotuba, inatuonesha mnara unafunguliwa na watu wanakula kwa furaha, na baada ya pale watu wale wanatoweka. Hatuoneshwi kama mkate ulifika. Hatuoneshwi shule. Mtengenezaji kawaondosha kabisa tukabaki na Daniel, na naona kafanya kwa makusudi, kwa sababu Daniel mwenyewe keshawasahau. Mtu akitaka kuijua filamu ile ajiulize kila baada ya muda, wako wapi wale watu waliokaa kwenye ule mkutano?

Na kuhusu Eli, mwanangu wa Chachani uliuliza. Mimi sitaki kuisema dini ya watu, na wala filamu haiisemi dini. Eli ni kijana alieona watu wana njaa ya kitu akajifanya yeye ndie mwenye ufunguo. Mara ya kwanza kabisa anapozungumza na Daniel wanazungumza bei, anataka pesa za kanisa, Daniel anamuahidi dola 5,000 na hampi. Siku ya kufungua kisima alitaka yeye akiombee dua, wakaelewana, na Daniel mbele ya watu akamruka akamsimamisha yule mtoto wa kike Mary, mdogo wake Eli, na kukipa kisima jina lake. Aibu ile Eli hakuisahau, na siku alipompata Daniel kanisani akamzaba makofi mbele ya watu na kumtaka apige kelele kwamba amemtupa mwanawe. Kila mmoja alimfanyia mwenziwe jambo lile lile, kumlazimisha aseme maneno. Daniel ndie aliengoja zaidi.

Mtoto_wa_Chachani

Ami shukran sana, hilo la watu kutoweka sikuliona kabisa mpaka uliposema, na kweli, hata sura zao sizikumbuki.

Wakili na wewe umenifungua, mana nilidhani ile habari ya mrija ni maneno ya mlevi tu. Lakini hapo kwa Mary mimi ndo napata nguvu ya hoja yangu. Daniel alisikia kwa H.W. kwamba yule mtoto anapigwa na babake akikosa kusali, na siku ya sherehe akamwita karibu akamwambia kwa sauti ili babake asikie, hapigwi mtu tena, si ndio? Hakupata senti moja kwa lile. Sasa BintShangani unasema hakubadilika, basi mtu yule aliemkinga mtoto wa watu ndo huyo huyo aliekuja kumwambia mwanawe "wewe si damu yangu, nilikuokota kikapuni"? Pale lazima kuna kitu kimekufa njiani.

Na hivi ile nyumba ya mwisho ilijengwa kwa ajili ya filamu au ni ya kweli? Na kuna mtu kama Daniel alikuwepo kweli?

fundisauti_znz

Nijibu hayo mawili kwa sababu ndo eneo langu, mimi kazi yangu sauti na video.

Nyumba ni ya kweli, inaitwa Greystone, iko Beverly Hills, na ukumbi ule wa bolingi umo ndani mle mle. Aliejengesha ni Edward Doheny, na huyo ndie mmoja wa watu ambao Daniel kakatiwa kitambaa chao. Doheny na yeye alianza kwa kuhangaika na madini huko New Mexico bila ya kitu, 1892 akachimba mafuta Los Angeles mjini akatajirika, baadae akenda Mexico akatajirika zaidi. Halafu miaka ya 1920 akaingia kwenye kashfa kubwa ya Teapot Dome, alimpelekea waziri wa mambo ya ndani Albert Fall dola 100,000 taslimu, mwanawe Ned ndie aliezibeba ndani ya mkoba, na kampuni yake ikapata visima vya akiba ya jeshi la majini. Fall alitiwa hatiani 1929 kwa kupokea rushwa, na Doheny 1930 akaachiwa kwa kutoa rushwa ile ile. Ned aliuawa kwa risasi ndani ya Greystone 1929, miezi tu baada ya kuhamia. Ukijua hilo na ukamuona Daniel ndani ya nyumba ile anamfukuza mwanawe, inakaa vibaya moyoni.

Kitabu nacho kipo, Oil! cha Upton Sinclair, 1927, lakini Anderson kachukua sehemu ya mwanzo tu akaenda zake. Kitabu kinamfata zaidi mtoto na habari za vyama vya wafanyakazi.

Kwa upande wa ufundi mimi nawaomba mrudie kuisikiliza, musiiangalie, muisikilize. Muziki ni wa Jonny Greenwood wa kundi la Radiohead, na ile sauti ya mwanzo kabisa unapoona milima mitupu, vinanda vinapanda vyote pamoja mpaka vinakutana, inakufanya uogope kitu ambacho hakijafika. Ule mripuko wa kisima ngoma zinaanza kupiga na hazisiti, na kamera ikiwa upande wa H.W. sauti ya dunia inazimwa, unabaki na kiziwi ndani ya kichwa chake. Muziki ule haukuruhusiwa kushindania Oscar kwa sababu ndani yake mlikuwa na vipande alivyokwisha vitunga kabla. Oscar ilizopata ni mbili, muigizaji bora Day-Lewis na mpiga picha Robert Elswit. Filamu bora mwaka ule ikachukuliwa na No Country for Old Men, ambayo ilikuwa ikipigwa Texas jirani na wao, Marfa, mpaka siku moja moshi wa mnara wa Daniel ukawaharibia wenzao picha wakalazimika kusimama.

Kisha muangalieni Paul Dano, yule ni mtu mmoja kacheza Paul na Eli wote wawili. Mwishoni Daniel anamwambia Eli kwamba yeye alimlipa Paul dola 10,000 na Paul sasa ana kampuni yake. Sie tulimuona kwa macho yetu akimpa 500. Hata kwenye ukatili wake wa mwisho ametia chumvi, anataka Eli aondoke duniani akijua nduguye alifaulu na yeye hakufaulu.

BintShangani

Hapo kwa 500 na 10,000 umenigusa fundi, nilikuwa nalijua na sikuwahi kulifikiria hivyo.

Kaka wa Chachani, nakujibu la Mary na la kikapu kwa pamoja. Daniel anawapenda watoto kwa sababu mtoto hashindani nae. Mary hashindani nae. H.W. mdogo hashindani nae, anamshikia mkono, anasimama upande wake. Hata Henry alimpenda alipodhani ni ndugu tu asiye na kitu, akaja kumuua alipojua kadanganywa. Sasa angalia H.W. anakuja mtu mzima 1927, keshamuoa Mary, ana mkalimani wa kumsemea kwa ishara, na anakuja kwa adabu kubwa kabisa kumwambia baba nakwenda Mexico na mke wangu, nataka nichimbe mwenyewe, nataka kampuni yangu. Jibu la kwanza la Daniel ni kwamba basi wewe ni mshindani wangu. Hakusema usiende, hakusema nitabaki na nani. Mshindani. Na kutoka pale ndo anatafuta neno litakalomuumiza zaidi analipata la kikapu.

Kwa hiyo kufa hakukufa kitu. Ule ushindani aliomwambia Henry usiku ule ulikuwa haujapata njia ya kumfikia mtoto, mtoto alipokua ukamfikia.

Ninachokupa wewe ni hichi, kwamba baada ya H.W. kuondoka filamu inaturudisha nyuma kidogo, tunamuona Daniel anacheza na H.W. na Mary karibu na mnara, anamsukuma kwa mzaha, anaondoka anakwenda kazini. Hakuna neno linalosemwa. Anderson angeweza kuiacha ile sehemu na kaiweka.

Mtoto_wa_Chachani

Nimeirudia sasa hivi sehemu hiyo. Mie bado nasema kuna kilichokufa, na nadhani ni siku ile ya treni, alipomdanganya H.W. anashuka kidogo tu kuzungumza na kondakta na akamwachia treni iende nae San Francisco kwenye skuli ya viziwi, mtoto anapiga kelele dirishani. Daniel anatembea hageuki nyuma, lakini uso wake muutazame vizuri, Day-Lewis kaufanyia kazi kubwa pale. Mtu asiye na kitu cha kufa hatembei vile.

Wakili, ukipata nafasi tueleze zaidi hiyo habari ya kukagua gharama kwenye mikataba yetu, hapa kuna ndugu zangu wawili wanataka kuuliza.

wakili_mtarajiwa

Inshallah, nafungua mada yake peke yake usiku tukimaliza kusali isha, mana ni ndefu. Waambie waje na sheria ya 2016 mkononi, ianze kusomwa pale panapotaja gharama zinazorejeshwa.